Maji ya Kisima Kilicho Jirani na Jaa

 

Limetufikia suali kutoka kwa ndugu zetu wa Nyeri, mji ambao kwa miaka mingi umemwaga taka zake katika jaa la wazi la Asian Quarters. Wauliza: mtu mwenye kisima upande wa chini wa jaa kama lile, na maji yake hayakugeuka rangi wala ladha wala harufu, je, yamfaa? Na wako waliowaambia kwamba khabari ya Kisima cha Budhaa imekwisha kukata maneno, hapana haja ya kupima.

Kisima cha Budhaa kilikuwa Madina, na taka zilikuwa zikiingia ndani yake. Mtume s.a.w. alipoulizwa alijibu kwamba maji yake ni twahara. Hadithi hiyo twaikubali. Lakini suali la siku ile lilikuwa la kutawadha, na aliyeuliza twahara amejibiwa twahara. Rangi, ladha na harufu ni vipimo vya najisi, navyo vyatosha kwa jambo lake. Havikuwekwa kuwa vipimo vya sumu. Risasi iliyoyeyuka ndani ya maji haina rangi, ladha wala harufu. Nitrati vivyo hivyo, nayo humdhuru mtoto mchanga akorogewaye maziwa ya kopo kwa maji hayo, hata damu yake ikashindwa kuchukua hewa. Basi maji yaweza kufaa kwa udhu na yakawa haramu kunywa, kwani kujidhuru ni haramu.

Tena hao waitajao Budhaa laiti wangalisoma mpaka mwisho! Abu Daud, aliyeipokea hadithi hii katika Sunan yake, hakutosheka na kuipokea. Alikwenda mwenyewe, akakitanda kisima kwa shuka yake, kisha akaipima, akaona upana wake ni dhiraa sita. Akamuuliza aliyemfungulia bustani kama jengo lake limebadilishwa na lilivyokuwa, akaambiwa la. Akaeleza pia kwamba aliyaona maji rangi yake imegeuka. Na shekhe wake, Qutaiba bin Said, alikuwa amemuuliza mtunza kisima juu ya kina chake. Kupima, kuuliza hali ya kwanza, kuandika kilichoonekana: ndiyo kazi ile ile ambayo wataalamu wa leo waifanya kandokando ya majaa.

Na kazi yenyewe si ngumu kuifahamu. Mvua hupenya ndani ya taka, ikatoka chini maji meusi yaliyobeba uozo, na dawa, na rangi, na yaliyomo katika betri. Jaa lisipotandikwa udongo wa mfinyanzi wala plastiki ya kuzuia, maji hayo hushuka mpaka yakutane na maji ya ardhini. Nyeri imekaa juu ya mawe ya volkeno, na maji hupita katika nyufa zake. Kwetu pwani ni matumbawe yenye matundu, na hupita upesi. Kwa hiyo huchimbwa kisima kimoja upande ambao maji hutoka, kabla hayajafika jaani, na viwili au zaidi upande yanakoelekea. Kile cha juu ndicho shahidi. Bila yake hapana hukumu, maana chumvi ya kisima cha Kisauni yaweza kuwa ni ya bahari wala si ya jaa. Chumvi huitangulia risasi, kwa kuwa udongo huishika risasi na chumvi hauishiki. Ikipanda mwaka hata mwaka katika visima vya chini peke yake, hiyo ni indhari. Hupimwa japo mara mbili kwa mwaka, kiangazi na baada ya masika. Wala kufunga jaa si mwisho: Marekani, kwa kanuni za mwaka 1991, jaa lililofungwa huchunguzwa miaka 30. Jaa la Kibarani, Mombasa, lilifungwa mwaka 2018. Hesabuni wenyewe.

Mtu wa Lamu asione Nyeri ni mbali. Mto Chania upitao pale huingia Sagana, na Sagana ndio Tana, na Tana humwaga baharini karibu na Kipini.

Watasema hii ni kazi ya serikali. Naam, ni yake. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kimemruhusu kwenda mahakamani bila kulazimishwa kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Kuomba kuonyeshwa majibu ya vipimo si fitina.

Amma jawabu la suali. Kutawadha kwa maji hayo kwafaa, madamu hayajageuzwa na najisi, akisukutua asimeze. Kunywa, kupikia na kumkorogea mtoto, aache mpaka yapimwe maabara. Asidhani kuyachemsha kutamfaa: moto huua vijidudu, lakini risasi na nitrati hubaki, tena hukolea zaidi maji yakipungua. Na kisima kikiwa ni waqfu wa msikiti, dhima ni ya mutawalli kuyapeleka maji yakapimwe, na majibu ayabandike mlangoni, yakiwa mazuri au mabaya.