Kupima akili ya mutoto: ile haki tuliipata wapi?



Wahenga walisema: akili ni nywele, kila mutu na zake. Tunaisema ku soko, tunaisema ku matanga, kisha Jumatatu tunaingia mu darasa na karatasi moja kwa watoto hamsini na tano. Mimi mwenyewe ni wa kwanza kufanya vile. Tangu nilipotoka ku ISP na diplome yangu, kazi yangu ni kufundisha na kupima, na siku zingine kupima kunapita kufundisha.

Mu kitabu kama hiki tunazoea kusoma juu ya mahari, majina, matambiko ya wazee. Mimi naomba kuandika juu ya desturi ingine, iliyokuja na wageni lakini sasa imekuwa yetu kabisa: testi. Swali langu ni hili: mutu anaweza kupima akili ya mwenzake, akaandika namba, na ile namba ikakata njia ya maisha yake?

1. Mutoto mumoja wa mwaka 2015

Wote tunakumbuka vile mauaji yalianza kando kando ya Beni mu mwezi wa kumi 2014. Jamaa nyingi zilikimbilia hapa Butembo, na watoto wao wakaingia mu masomo yetu. Mu shule moja nilipofundisha wakati ule, tulipata mvulana wa miaka kumi na ine. Alikuwa anamaliza mwaka wa pili wa sekondari, njo mwaka wa kuchagua seksio.

Prefe aliniambia: “Mwalimu, wewe ulisoma mambo ya testi, utusaidie kupanga hawa watoto.” Nilikamata karatasi za zamani, fotokopi ya fotokopi, nikawagawia. Mulikuwa picha za treni, za lifti, maumbo ya kukamilisha, na dakika zilihesabiwa. Yule mutoto alipata 11 juu ya 40. Niliandika ku fishi yake: “Hawezi seksio ya sayansi.” Nikatia sinyatire.

Nyuma ya siku tatu nyanya yake alikuja. Hakukasirika. Alisalimia vizuri, akaikala, akaniuliza: “Mwalimu, ulimupima siku gani?” Nikamwambia siku ya Ine. Akasema: “Siku ya Ine alikuwa hajalala. Anaogopa usiku tangu kule. Na huyu mutoto, mwalimu, njo anatengenezaka redio za majirani wote.” Nilimujibu kwa heshima kama testi ni testi, inafaa kwa wote. Kweli niliona haya kurudi kwa prefe na kusema nilikosea.

Mutoto aliingia seksio ingine, akakaa mwaka moja, akaacha masomo. Mutu anaweza kuniambia: “Unaona? Testi ilisema kweli.” Hapana. Kama nilimufungia mulango, namna gani nitajua kama angeweza kupita? Daktari akikosea, ugonjwa unamuonyesha. Lakini mwalimu akikosea kwa testi, kosa linajificha, juu mutoto anakuwa sawa vile tuliandika. Hii njo inanisumbua mpaka leo.

2. Testi ilitoka wapi

Kupima watu kwa egzame ni jambo la zamani. Inchi ya China ilichagua wakubwa wa serkali kwa egzame wakati wa miaka zaidi ya elfu moja, na iliiacha mwaka 1905. Mwaka uleule wa 1905, kule Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa testi ya kwanza ya akili namna tunavyoijua leo. Serkali ya Ufaransa ilikuwa imelazimisha masomo kwa watoto wote, na ilitaka kujua ni watoto gani walihitaji kusaidiwa kwa namna ya pekee. Tuangalie vizuri: testi ilizaliwa kusudi ya kusaidia. Binet mwenyewe alikataa wazo la kama akili ya mutu ni kipimo kisichobadilika. Alikufa mwaka 1911, na mwaka uliofuata Mujerumani William Stern aliwaza kugawanya miaka ya akili kwa miaka ya kuzaliwa. Pale namba ikazaliwa.

Ilipovuka bahari, ile namba ikapata kazi ingine. Kuanzia mwaka 1917 jeshi la Marekani lilipima askari karibu milioni moja na laki saba. Mu maulizo fulani waliuliza mambo ya biashara na michezo ya Marekani, na mugeni aliyeshuka meli juzi alipewa mapointi ya mujinga. Carl Brigham aliandika kitabu mwaka 1923 kusema mataifa fulani iko na akili kidogo. Mwaka 1930 aliandika tena, akakubali kama hesabu yake haikuwa na musingi. Ni mutu mwenye heshima, alirudia neno lake. Lakini sheria kali ya kufunga mulango kwa wageni ilikuwa imekwisha kupita tangu 1924.

3. Na sisi Wakongomani

Wabelgiji nao walitupima. Kwanza kwa macho: kwa kupata ile “carte du mérite civique” ya 1948, ao immatrikulasio ya 1952, mutu aliangaliwa mwenendo wake mpaka namna anaishi mu nyumba na bibi yake. Kisha kwa karatasi. Katika miaka ya 1950, Union Minière kule Katanga ilipima wafanyakazi na watoto wa mu makambi yake. Profesere André Ombredane wa Bruxelles alitengeneza picha zenye sura za watu weusi, akaomba watu wahadizie hadisi juu yake, akatoa kitabu mwaka 1954. Mwaka 1957 Robert Maistriaux alitoa chake juu ya “akili ya mutu mweusi na hatima yake.” Kile kichwa cha kitabu peke yake kinatosha: akili na hatima, kama vile moja inazaa ingine.

Lakini jambo moja la Ombredane linanifurahisha. Yeye na wenzake waliwapa watu walewale testi moja mara nyingi, na mapointi yakapanda. Kumbe siku ya kwanza hawakupima akili, walipima ugeni. Mutu hajui mu huu muchezo wanataka nini.

Wengine walionyesha jambo hili kisha. Kule Liberia, Michael Cole na wenzake waliomba Wakpelle wapange vitu kwa makundi. Watu waliweka kisu pamoja na chungwa, juu kisu kinakata chungwa. Wakasema: mutu wa akili anafanya hivi. Walipoulizwa “na mujinga atafanya namna gani?”, wakapanga chakula na chakula, chombo na chombo, sawasawa na vile profesere alitaka. Robert Serpell naye alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza: kwa kuchora ku karatasi Waingereza walishinda, kwa kutengeneza vitu na waya watoto wa Zambia walishinda, na kwa udongo wakawa sawa. Sisi wa Butembo hatuhitaji kitabu kwa kuamini vile. Tunaona watoto wanaochonga chukudu ndogo na kuishusha mulima bila kuanguka, halafu mu fizika wanapata sufuri.

4. Wazee walipima namna gani

Wazee wetu hawakuwa bila testi, tusidanganyane. Ku kyaghanda, kando ya moto, mutoto mwanaume alipimwa kila siku. Walimutupia kitendawili. Walimutuma kwa jirani na maneno matatu, waone kama yatafika matatu ao mawili. Waliangalia kama anagawanya chakula na mudogo wake. Kule Kenya, watu wa Kokwet nao waliita akili ya mutoto kwa neno linaloonyesha yule unaweza kutuma bila kumurudilia. Tofauti ni kwamba muzee hakupima siku moja, na hakuondoka kisha kupima. Kama alisema “huyu ni mujinga” na mutoto akakuwa mutu, kijiji kizima kilimucheka.

Lakini sitaki kusifu wazee kupita kiasi. Ku kyaghanda binti hakukuwa na nafasi. Yatima asiye na baba wa kumusemea alisahaulika haraka. Na mutoto wa mukubwa alionekana ana akili mbele ya kufungua kinywa. Ndiyo maana rafiki yangu mumoja, mwalimu pia, ananikatalia: “Testi haina ndugu. Ukiondoa Egzame ya Serkali, diplome zitakuwa za watoto wa matajiri.” Ana haki. Tangu 1967 mutoto wa mulimaji wa Lubero anajibia maulizo sawasawa na mutoto wa mufanya biashara wa Butembo. Ile karatasi isiyojua jina la baba ni haki kubwa, na mwenye kuichafua kwa kuuza majibu anaibia masikini.

5. Neno langu

Kwa hiyo sisemi tuchome testi. Nasema tutenganishe mambo mawili. Kuuliza mutoto anajua nini leo, kwa somo tulilomufundisha, ni kazi yetu na ni haki yake. Kusema yeye ni nani na hatafika wapi, ile hatukupewa na mutu yeyote. Namba inaweza kufungua mulango wa kusaidia, sawa vile Binet alitaka. Ikitumika kwa kufunga, lazima irudiliwe, na aliyeiandika akubali kuulizwa.

Tena leo hapa kwetu, nyuma ya vita na nyuma ya Ebola ya 2018 mpaka 2020, wageni wanakuja na fishi za kupima hata uchungu: mutoto analala saa ngapi, anaota nini, wanajumlisha. Ni muzuri kama nyuma yake kuna mutu anayebaki kusaidia. Kama wanabeba namba na kwenda, wamepima tu.

Mimi siku hizi, kando ya mapointi, naandika tarehe, na kama mutoto alikuwa mugonjwa, ao alitembea saa mbili, ao hakulala. Wenzangu wanasema inachukua wakati. Kweli inachukua. Ile siku ya 2015 nyanya aliniuliza neno moja tu, “siku gani?”, na mu vitabu vyote vya ISP sikuwa nimejiuliza vile. Yule kijana yuko na meza yake karibu na soko, anatengeneza telefone. Ananisalimiaka: “Mwalimu.” Bado sijamuambia kama mapointi yake yalikuwa 11, na kama ni mimi niliyetia sinyatire.