Kiti Msikitini

Tangu nivunjike kifundo cha mguu kwa kuanguka na bodaboda hapa Mikese, naswali na kiti pembeni. Mfupa ulifungwa chuma na skrubu mjini Morogoro, magongo nikayaacha, na eksirei ya mwisho ikaonyesha umeunga vizuri. Watu wananiona nikienda hadi barabara kuu kununua mkaa, malori ya Dar yakinipita, kisha Ijumaa wananikuta nimekaa. "Mwalimu, si ulishapona?" Wanauliza kwa adabu, lakini wanauliza.

Barabara ni tambarare. Mtihani ni sijida: kuinuka mkekani kunakikunja kifundo hadi mwisho, na hapo ndipo kinaponichoma. Wengine hunishauri ninyooshe mguu, nikae chini. Kukaa si kazi, kazi kuinuka.

Daktari alinieleza kwamba kifundo kinapovunjika, mara nyingi gegedu linalofunika ncha za mifupa nalo huchubuka au kumeguka. Mwaka 2000 madaktari wa Uswisi walichapisha walichokiona baada ya kuingiza kamera ndani ya vifundo 288 vilivyovunjika: karibu vinane katika kila kumi vilikuwa na gegedu lililoumia. Eksirei ya kawaida hailionyeshi. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo haliungi kama mfupa. William Hunter aliandika London tangu mwaka 1743 kwamba likishaharibika halirudi. Wala halina mishipa ya fahamu. Lililoumia limenyamaza, anayelia ni mfupa wa chini yake.

Basi shahidi wangu nani? Picha inanikana. Kwa kadhi, madai yangu matupu yasingetosha. Kwenye swala mambo ni mengine. Imran bin Huswain alipougua, Mtume alimwambia aswali amesimama, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Hakumdai cheti. Wengi huona hapo wepesi tu. Mimi naona na mzigo, maana nafsi yangu ni mvivu, naijua, na ndiyo hiyo hiyo iliyokabidhiwa mizani. Ndiyo maana kisimamo nasimama, rukuu nainama. Kiti ni cha sijida na tahiyatu, basi.

Kuna siku kifundo hulegea. Nakiacha kiti ukutani, nasujudu chini kama wenzangu. Nikitoa salamu, kulia na kushoto, nakutana na macho: leo kaweza, je, jana?