Kupanga na Kupangwa: Tafakuri juu ya Kodi na Ujirani Iyunga

Kitenzi "kupanga" kina maana mbili katika Kiswahili: kuweka mambo katika utaratibu, na kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa kumlipa kodi. Maana hizo hukutana kwa mpangaji anayetafuta chumba jijini Mbeya, ambaye hujumlisha mapato yake, akaondoa chakula, ada na nauli, kisha akatafuta mtaa ambao kodi yake inaenea katika kinachobaki. Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa: mtu ambaye mtaa wake umeamuliwa na mfuko wake, amepanga au amepangwa?

Swali hili lina historia. Mbeya, mji uliokua kuanzia miaka ya 1920 kwa mvuto wa dhahabu ya Lupa, uligawanywa kama miji mingine ya kikoloni, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Majengo yangali yanashuhudia wakati ambapo rangi ya mtu ndiyo iliyoamua alale wapi. Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa uhalali wa mgawanyo huo, lakini kazi ya kuwatenga watu haikukoma, kwani sehemu yake kubwa ilirithiwa na kodi, ambayo haimuulizi mtu asili yake na bado humwonyesha mlango wa kutokea.

Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, ziliwahi kujua namna nyingine ya kuchagua majirani. Miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, vijana wa rika moja walitoka katika makazi ya wazazi wao na kuanzisha kijiji chao wenyewe, na tunu waliyoithamini katika maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza pamoja na wenzao. Kodi nayo hukusanya wanaolingana, lakini hulinganisha mifuko tu, na watu wenye mifuko sawa wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta bila kujuana.

Iyunga, iliyoko upande wa magharibi wa jiji kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa kuwa wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi na familia za siku nyingi hukutana humo. Anayefanya kazi Iyunga akapanga mbali kwa sababu chumba cha huko ni nafuu, huenda akaondoka alfajiri na kurudi usiku, akiwafahamu majirani kwa ugomvi wa kuchangia LUKU tu, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Alichookoa katika kodi amekilipa kwa saa zake, na ujirani hutengenezwa kwa saa: kumjulia hali mgonjwa, kuhudhuria msiba, kumwangalia mtoto wa mwenzio. Kwa hiyo bajeti ya kweli huhesabu shilingi pamoja na muda unaobaki wa kuwa jirani.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii ni anasa kwa mtu asiye na salio. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba pale chaguo linapokuwa finyu, wajibu huwaelekea zaidi wenye uwezo wa kulipanua: mwenye nyumba anayeweza kupokea kodi ya mwezi mmoja badala ya kudai ya miezi sita kwa mkupuo, na mamlaka zinazoweza kufikisha maji na usafiri katika mitaa ya bei nafuu.

Hata hivyo, sehemu moja ya chaguo haiondolewi na umaskini. Katika Injili ya Luka, aliyeuliza jirani yake ni nani alirudishiwa swali likiwa limegeuzwa, atafakari ni yupi kati ya wapita njia aliyekuwa jirani kwa majeruhi aliyeachwa njiani. Na Kurani, katika Surati An-Nisaa, aya ya 36, huagiza wema kwa jirani wa karibu na wa mbali. Katika mafundisho yote mawili, ujirani ni tendo la mtu, wala hautolewi na mahali alipo. Mfuko unaweza kumpangia mtu mtaa, lakini mtu huyo anapobisha hodi kwa jirani mgonjwa, hapo amepanga yeye mwenyewe.