Mvua ya Septemba Haingoji Kodi

Wewe mwenye nyumba ya milango sita pale Lushebere, huku Masisi, mashariki ya Kongo, acha kusoma kidogo, utoke nje. Usisimame mbele ulikopaka chokaa. Zunguka nyuma, kule mama wa mlango wa nne anakomwaga maji ya vyombo, utazame mguu wa ukuta. Kama udongo umeliwa na mawe ya msingi yamebaki wazi kama meno ya mzee, basi nina neno nawe, na neno lenyewe haliwezi kungoja mwisho wa mwezi.

Sisi huhesabu nyumba kwa milango kwa sababu mlango ndio unaoleta pesa. Leo hesabu vichwa. Milango sita ni familia sita, na tangu vita vilipomwaga watu kwenye barabara ya Sake hadi Masisi, mara nyingi nyuma ya mlango mmoja wanalala mpangaji na jamaa zake waliokimbia. Usiku wa mvua, watu thelathini wanaweza kuwa chini ya manjanja, yaani mabati, uliyochagua wewe, yakishikwa na miti uliyoichimbia wewe. Hujavaa kofia ya serikali, lakini usalama wao uko mikononi mwako.

Najua utakachojibu: sheria za ujenzi ni za Goma, hapa ni kijijini. Amri ya mipango miji ni ya tarehe 20 Juni 1957, ya wakati wa Wabelgiji. Ile ya waziri kuhusu kibali cha kujenga ni ya mwaka 2013. Na ofisi ya urbanisme hujawahi kuiona ikipanda mlima wa Lushebere. Sawa. Tuseme hivyo, tusibishane. Lakini iko sheria moja ya zamani zaidi ambayo wenye nyumba wengi hawaijui. Ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, na mpaka leo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia. Kifungu chake cha 262 kinasema kwamba nyumba ikianguka kwa kukosa matunzo au kwa kujengwa vibaya, mwenye nyumba ndiye anayejibu kwa madhara yake. Kifungu hicho hakiulizi kama uko mjini au kijijini. Hakiulizi kama ukuta ni wa mawe ya volkeno au wa miti na udongo. Kinauliza tu: ilikuwa ya nani, na aliitunza?

Na mlima nao una sheria zake, ambazo hazina rufaa. Mei 2023, huko Kalehe, Kivu Kusini, mvua ya siku moja iliporomosha maji, mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400. Sisemi mfereji mmoja nyuma ya nyumba yako ungeyazuia mafuriko ya namna ile. Nasema maji yale yale hufanya kazi ndogo ndogo kila jioni nyuma ya nyumba yako, bila kelele, bila redio kutangaza.

Wa mjini nao wasitucheke. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, Nairobi, mtaa wa Huruma, jengo la ghorofa sita lililojaa wapangaji, lililosimama kando ya mto, lilianguka katika mvua kubwa. Watu wapatao 50 walikufa. Lilikuwa tayari kwenye orodha ya majengo ya kubomolewa! Karatasi ilikuwepo, hatari ilijulikana, kodi ikaendelea kukusanywa. Kwa hiyo usiniambie kwamba tunachokosa ni ofisi tu. Ofisi ilikuwepo Huruma.

Basi amka tufanye kazi, na tuanze na maji, maana ndiyo adui wa kwanza wa nyumba zetu. Kama uliukata mlima ili upate kiwanja, chimba mfereji juu ya ule mkato, maji yapite pembeni kabla ya kufika ukutani. Panda juu ya paa wakati wa jua, si siku ile mpangaji anapokuja kulalamika na godoro lililolowa. Msumari ulioinuka ubadilishwe. Nguzo ya mkaratusi iliyooza chini usiipake rangi: liegemeze paa kwa mti mwingine, toa moja, weka moja, usizing'oe zote siku moja kama fundi mwenye haraka ya kulipwa. Shimo la choo lisiwe upande wa juu wa nyumba. Na kama vyumba vimegawanywa kwa mbao, angalia wapi watu wanawasha makala (mkaa wa kupikia). Jiko moja likipinduka katika mlango wa kwanza, mlango wa sita nao unaungua. Wajengee jiko la nje lenye paa. Mabati machache tu yatatosha.

Pesa? Hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Mpangaji anaingia, analipa garanti, yaani amana, na garanti inaliwa kabla hajapanga vyombo. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji imeweka mpaka: garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Ile ni pesa ya mtu, itarudi kwake. Pesa ya kutengeneza itoke kwenye kodi. Katika milango sita, tenga mlango mmoja uwe wa nyumba yenyewe: kinachotoka pale usikiguse kwa harusi wala kwa sherehe. Tunajua kuweka pesa pamoja. Likelemba (mchango wa zamu) na AVEC (vikundi vya kuweka na kukopa) zimesomesha watoto wetu na kununua mbuzi wetu. Wenye nyumba watano wa mtaa mmoja hawashindwi kuwa na likelemba ya sementi, zamu kwa zamu, mwezi huu nyumba yako, mwezi ujao yangu.

Nunua pia daftari la shule. Andika tarehe, kilichotengenezwa, jina la fundi, bei. Mpangaji akiingia, zungukeni wote wawili, mwandike hali ya chumba, kila mtu atie sahihi. Siku ya ugomvi mbele ya chifu au mbele ya hakimu, daftari hilo litazungumza vizuri kuliko shangazi zako wote.

Utasema tungoje amani kwanza. Wazazi wetu walingoja, na sisi tunangoja, na mvua haijawahi kuomba ruhusa kwa mwenye bunduki yeyote. Kiangazi ni Juni, Julai na Agosti. Hiyo ndiyo miezi tuliyopewa. Mfereji wa nyuma ya nyumba ni kazi ya watu wanne kwa siku moja. Jumamosi hii ya salongo, kazi yetu ya pamoja, toka na jembe lako, mgongee mpangaji wa mlango wa kwanza, uwe wa kwanza kuchimba.