Fomu ya Hurlingham

Rafiki yangu aliniomba nimsindikize kliniki Jumamosi moja, na hakunieleza anaenda kufanyiwa nini mpaka teksi yetu kutoka tauni ilipokaribia Yaya. Alinong'ona ili dereva asisikie. Alitaka kupunguzwa mashavu ya uke. Alilitaja kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili aliona haya, na kwa lugha ya mamake neno lenyewe ni tusi.

Nikamuuliza, kwani unaumwa? Hapana. Ni maneno aliyowahi kuambiwa na mume wake wa zamani, mara moja tu, wakigombana. Nikaanza kumwambia kwamba maumbile ya wanawake hutofautiana kama pua zinavyotofautiana. Akanikata.

"Wewe nawe. Si ni mwili wangu?"

Ni wake. Hapo ndipo nimekwama tangu siku hiyo.

Maana Kenya tuna sheria inayosema kwamba katika jambo hili, ndiyo ya mwanamke mzima haitoshi. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 inaharamisha kuondoa viungo vya siri vya mwanamke, kwa sehemu au vyote, au kuvijeruhi, bila sababu ya kimatibabu. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba aliyekata hawezi kujitetea ati mwenyewe alikubali. Adhabu ni jela isiyopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Mwaka 2017 Dkt. Tatu Kamau alienda kortini kuipinga. Mwanamke mzima anaruhusiwa kunywa pombe na kuvuta sigara, alisema, mbona asiruhusiwe kutahiriwa kwa hiari yake, na daktari? Machi 17, 2021, majaji watatu wa Mahakama Kuu walimkatalia. Hawakushawishika kwamba mtu anaweza kuchagua kufanyiwa mila yenye madhara, na walilitazama pia shinikizo la jamii linalomzunguka anayesemekana kukubali.

Mimi niliishangilia hukumu hiyo, na bado naiunga mkono. Lakini ukiifikiria umekaa kwenye kochi la kliniki Hurlingham, inakugeukia. Aliyeshinikizwa na shangazi kijijini tunasema hakuwa na hiari. Aliyeshinikizwa na mume na picha za kwenye simu, akalipa kwa M-Pesa, tunasema amejiamulia. Ni kweli sheria inaruhusu upasuaji unaohitajika kwa afya ya mwili au ya akili, na kuna wanawake ambao sehemu hiyo huwauma wakivaa suruali ya kubana au wakiendesha baiskeli. Hao sina neno nao. Ila "afya ya akili" ni mlango mpana, na siku ile sikuona yeyote aliyesimama mlangoni.

Sisemi kliniki zifungwe. Kumwambia mwanamke mzima kwamba hajui anachotaka ni mchezo wa zamani sana. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku ukeketaji Meru, wasichana walitafuta nyembe wakakatana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Marufuku haikuwapa uhuru, na sidhani nyembe ziliwapa.

Kinachonisumbua mimi ni fomu. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, tukapewa na dada wa mapokezi pamoja na kalamu kabla hatujamwona daktari. "Ni utaratibu tu." Rafiki yangu akaiweka juu ya mkoba wake, akatia sahihi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe faida, hatari, gharama na matokeo, na kwamba ana haki ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Kiingereza anakijua, ndicho anachofanyia kazi benki. Lakini hatari iliyofichwa katikati ya orodha ndefu hata wakili anaipita.

Daktari alikuwa mpole, na alimaliza kwa dakika kumi. Alieleza bei, ganzi, siku za kupumzika. Hakuuliza kwa nini. Akaongeza habari ya leza ya "kurudisha ujana", bila kutaja kwamba Julai 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kwamba usalama na ufanisi wa mashine hizo kwa kazi hiyo haujathibitishwa, na kwamba zinaweza kuchoma na kuacha makovu.

Nairobi tunajua vizuri jinsi sahihi inavyoweza kupatikana. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliwapa haki wanawake wanaoishi na HIV waliofungwa uzazi bila ridhaa ya kweli. Walikuwa wameieleza korti jinsi msaada wa chakula ulivyofungamanishwa na upasuaji ule. Rafiki yangu hakuwa na njaa. Lakini alikuwa ameshatuma pesa za kushikilia nafasi, zisizorudishwa, kabla hajaulizwa swali hata moja. Mtu akifika hapo, kusema hapana ni hasara. Ningetaka hizo pesa zirudishwe bila maswali, mtu apewe wiki mbili za kufikiri, na daktari amuulize akiwa peke yake: nani amekwambia uko vibaya? Akijibu na bado akataka, basi, afanyiwe. Mimi nitamsindikiza tena.

Na siku ile mimi nilifanya nini? Nilikaa pale nikitazama simu. Niliogopa kuonekana mshamba.

Alifanyiwa wiki mbili baadaye. Anasema hajutii, na si kazi yangu kujuta kwa niaba yake. Mwezi uliopita alikuja kwangu Uthiru na nakala ya ile fomu, akanionyesha ukurasa wa tatu, mstari alioupigia kalamu, unaosema hisia zinaweza kupungua na zisirudi.

"Hii ilikuwa hapa siku ile?"

Ilikuwa hapo, mstari wa pili kutoka chini.