Mwaka wa Utarajali

Utarajali, yaani kipindi cha kazi chini ya usimamizi ambacho mhitimu hukipitia kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi kwa kujitegemea, hudhihirika vizuri zaidi katika taaluma ya udaktari nchini Tanzania, ambako aliyekwisha kusoma miaka 5 ya shahada hulazimika kutumikia miezi 12 mingine hospitalini ndipo apate usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Katika miezi hiyo huzungushwa idara kwa idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Kitabu humweleza dalili za upungufu wa maji mwilini, lakini kuutafuta mshipa mwembamba katika mkono wa mtoto mchanga anayelia usiku wa manane, mama yake akitazama, ni ujuzi unaokaa vidoleni, na haupatikani ila kwa kurudia mbele ya mkubwa aliye tayari kusahihisha. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa kuwa mtarajali anayeachwa peke yake wodini hafundishwi bali hutumikishwa tu, na anayelipa gharama ya upungufu huo wa usimamizi, pamoja na kijana mwenyewe, ni mgonjwa. Posho ya mtarajali, ambayo ni haki na si hisani, isicheleweshwe. Lakini hata posho inayofika kwa wakati haiwezi kuziba nafasi ya daktari bingwa anayesimama kando ya kitanda asubuhi, akamtaka mtarajali aeleze kwa nini ameandika dawa ile na si nyingine.