Bango la Shule na Amana ya Mwanafunzi: Kufaulu ni Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. 

Ukiingia karibu shule yoyote ya sekondari hapa Uganda, kitu cha kwanza kukupokea ni bango. Liko langoni, au kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa shule, na limeandikwa dira, dhamira, tunu na kaulimbiu. Maneno yake yanakaribiana sana kutoka shule hadi shule: kumlea kila mwanafunzi kiakili na kimaadili, uadilifu, nidhamu, kumcha Mungu, ubora. Sijawahi kuona bango lililoandikwa kuwa lengo la shule ni kutajwa gazetini matokeo yanapotoka. Lakini wengi wetu tumesoma katika shule ambazo lengo hilo, ambalo halikuandikwa popote, ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote yaliyoandikwa.

Swali ninaloleta mbele yenu ni hili: shule ikifikia malengo yake ya ufaulu kwa kumwondoa mwanafunzi dhaifu, je, imefaulu? Na sisi tuliobaki ndani na kupata alama nzuri, tunabeba nini katika jambo hilo?

Yaliyotokea kwetu

Silileti swali hili kwa sababu tu nimelisoma darasani. Nilisoma shule ya bweni ya Kiislamu ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa nia yangu si kumvunjia mtu heshima. Nilikuwa kidato cha nne. Wakati ule matokeo yalikuwa bado yanahesabiwa kwa madaraja: masomo manane bora ya mwanafunzi yanajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mwishoni mwa muhula wa kwanza, kabla usajili wa mtihani wa taifa haujafungwa, wanafunzi tisa wa darasa letu waliitwa ofisini. Waliambiwa kuwa shule imewatafutia kituo kingine cha kufanyia mtihani. Sababu haikufichwa. Alama zao zingeishusha shule.

Mmoja wa hao tisa alikuwa rafiki yangu. Tulitoka wote Busia na tulilala vitanda vya kukabiliana tangu kidato cha kwanza. Hesabu zilimshinda, lakini hakuna aliyekuwa akiamka kabla yake kwa sala ya alfajiri, na wadogo wa kidato cha kwanza walimkimbilia yeye kila walipougua. Mama yake alikuwa akiuza mukene sokoni na alikuwa amekwisha lipa ada ya muhula uliofuata.

Mimi nilikuwa kiongozi wa wanafunzi msikitini. Mwalimu wa taaluma aliniita, akaniomba nizungumze na wale tisa ili waondoke kwa utulivu, bila kelele wala wazazi kuja juu. Nilikubali. Nilikaa nao baada ya sala ya isha nikawaambia habari za subira na qadari ya Allah. Kila nilichosema kuhusu subira kilikuwa kweli, na bado nilikuwa nikikitumia kufunika dhuluma. Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Sasa mama nitamwambia nini?" Sikuwa na jibu. Asubuhi nilimsaidia kubeba sanduku lake hadi langoni, tukapita chini ya lile bango.

Mwaka uliofuata shule yetu ilisifiwa. Picha yangu ilikuwa miongoni mwa zilizobandikwa.

Hoja ya upande wa pili

Uadilifu unataka tuwasikilize wenye shule pia. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliwahi kunieleza hivi: shule binafsi inaishi kwa ada. Mzazi anachagua shule kwa kutazama matokeo. Matokeo yakishuka mwaka mmoja, wanafunzi wanahama. Wanafunzi wakihama, mishahara inakosekana na walimu wazuri wanaondoka. Mwishowe shule inafungwa, na hapo dhaifu na hodari wote wanakosa. Kwa hiyo, akasema, kuwaondoa tisa ni kuwaokoa mia tatu.

Hoja hii si ya kupuuzwa. Tukumbuke shule zetu zilitoka wapi. Zamani elimu ya kisasa katika nchi hii ilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mtoto wa Kiislamu aliyeitaka alikabiliwa na hatari ya kubadilishwa jina na dini. Ndiyo maana wazee wetu walijinyima. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake pale Kibuli, na katika miaka ya 1940 Waislamu wakaunda jumuiya yao ya elimu ili watoto wao wasome bila kuiuza imani. Kuiacha shule ya Kiislamu ife ni kuitupa jasho lao. Hata hivyo, historia hiyo hiyo inauliza swali jingine. Wazee wale walijenga kwa ajili ya mtoto ambaye milango mingine ilimfungia. Tukimfungia mlango mtoto wetu wenyewe kwa kuwa anatuharibia hesabu, tumehifadhi majengo yao na kuiacha nia yao.

Halafu hoja ya kuokoa mia tatu ina kasoro mbili. Ya kwanza inatoka katika kanuni mashuhuri ya fiqhi kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Madhara yaliyohofiwa na shule yalikuwa ya kudhaniwa na ya baadaye. Madhara ya wale tisa yalikuwa ya yakini na ya siku ile. Ya pili ni kwamba kulikuwa na njia nyingine ambazo hazikujaribiwa: kuwapa vipindi vya ziada, kuwapunguzia masomo ya hiari, kuwaita wazazi mapema tangu kidato cha pili. Dharura haiwi dharura ikiwa hatujatafuta njia nyingine.

Mkataba na amana

Huenda mtu akasema: mbona shule inaruhusiwa kuchagua inayewataka tangu mwanzo? Ndiyo, inaruhusiwa. Shule ikisema wazi kuwa inachukua wenye alama fulani tu, haijamdhulumu aliyekosa, maana haikumwahidi kitu. Lakini ikishampokea mtoto na kula ada yake miaka mitatu, huku dhamira yake ikisema "kila mwanafunzi", hapo pana mkataba. Mwanzoni mwa Surat al-Maida waumini wanaamrishwa kutimiza mikataba. Bango lile si pambo. Mzazi analisoma, analiamini, anaacha mtoto na kurudi nyumbani. Kisheria mtoto huyo ni amana, na mwenye kupokea amana hana ruhusa ya kuitupa kwa sababu imekuwa nzito.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Tunaotoka katika jamii za wafugaji tunajua mchunga mzuri anapimwa kwa kitu gani. Hapimwi kwa ng'ombe aliyenona, maana huyo angenona hata kwa mchunga mvivu. Anapimwa kwa yule anayechechemea nyuma: je, jioni alirudi zizini?

Aliyepuuzwa Makka

Katika Surat Abasa kuna kisa ambacho kila mwalimu wa Kiislamu angepaswa kukirejea mwanzo wa kila muhula. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitaraji kusilimu kwao kungeufungulia Uislamu njia. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, maskini, akitaka kufundishwa. Mtume alikunja uso akageuka. Allah akamkumbusha kwa aya ambazo tunazisoma mpaka leo.

Tutazame mizani yenyewe. Nia ya Mtume ilikuwa safi. Hakuwa akitafuta sifa wala mali. Hesabu yake ilikuwa ya busara kwa macho ya kibinadamu: mkuu mmoja wa kabila akiamini, wangapi watamfuata? Na pamoja na hayo yote, akakumbushwa kuwa aliyekuja mwenyewe akiwa na kiu ya elimu ana haki asiyopaswa kunyimwa kwa sababu ya faida inayotarajiwa kwa wakubwa. Ikiwa nia safi kama ile ilisahihishwa, nia yetu ya kutaka jina itakuwaje?

Na kisa hakiishii hapo. Ibn Ummi Maktum alikuja kuwa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal. Mtume (s.a.w.) alimwachia usimamizi wa Madina mara kadhaa aliposafiri. Katika mwezi wa Ramadhani, adhana yake ndiyo iliyowafahamisha watu kuwa alfajiri imeingia na kula kumekwisha. Yule aliyegeuziwa uso ndiye aliyewaita watu waje kwenye falah.

Falah ni nini?

Neno hilo tunalisikia mara tano kwa siku. Wanaosoma lugha wanajua kuwa asili yake ni kupasua ardhi, na ndiyo maana Mwarabu humwita mkulima fallah. Kufaulu kwa maana hiyo si kuokota kilichoiva. Ni kuvunja udongo mgumu, kupanda na kungoja. Sasa, shule inayobaki na waliokwisha iva na kuwaondoa wanaohitaji jembe, imelima nini?

Surat al-Mu'minun inaanza kwa kuwataja waliofaulu, kisha inazieleza sifa zao: unyenyekevu katika sala, kujiepusha na upuuzi, kutoa zaka, kuhifadhi tupu zao. Na ndani ya orodha hiyo wamo wanaochunga amana zao na ahadi zao. Hapa ndipo swali langu linapopata jibu. Kuchunga amana si njia mojawapo ya kufikia kufaulu ambayo tunaweza kuiacha tukipata ya mkato. Ni sehemu ya kufaulu kwenyewe. Aliyeivunja amana ili afaulu amekikata kile alichokuwa akikitafuta.

Imam al-Ghazali alilijua jambo hili. Mwaka 1091 alipewa kiti cha ualimu katika Nidhamiyya ya Baghdad, madrasa mashuhuri ya zama zake, na ameandika kuwa alikuwa akifundisha wanafunzi mia tatu. Kwa kipimo cha bango lolote alikuwa amefika. Lakini alipoichunguza nia yake aliona kuwa kinachomsukuma ni cheo na sifa kuenea, na mwaka 1095 akaondoka. Simwambii mwalimu yeyote aache kazi. Nasema tu kwamba kama mtu kama yeye alihitaji kujihesabu, basi na shule ijihesabu.

Tufanye nini?

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umejaribu kulegeza kamba hii. Madaraja ya zamani yameondolewa, na kazi anazofanya mwanafunzi darasani sasa zina sehemu katika alama zake za mwisho. Ni hatua njema. Lakini mtaala haubadili nia, na mwenye kutaka sifa atapata namna ya kuhesabu herufi kama alivyohesabu madaraja.

Mimi ninapendekeza shule zetu za Kiislamu zianze kutangaza hesabu moja zaidi. Pamoja na idadi ya waliopata alama za juu, waseme: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani hapa hapa ni wangapi. Hesabu hiyo peke yake itaonyesha kama bango ni kweli. Wazazi nasi tuwafunze kuiuliza, maana shule huuza kinachoulizwa sokoni. Na sisi wanachama wa jumuiya hii, wengi wetu tutakuwa walimu. Tuanze sasa. Likizo ndefu tunayo. Kila mmoja arudi shule iliyo karibu na kwao, aombe wale wa mwisho darasani, awafundishe hesabu na Kiingereza jioni mbili kwa wiki.

Namalizia kwa lililo langu. Mwaka jana nilimtafuta rafiki yangu. Anatengeneza pikipiki Busia, karibu na mpaka. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia usiku ule. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema amekwisha nisamehe zamani, ila mama yake hajawahi kurudishiwa ada. Basi nami nimejua kuwa toba ya haki za watu haiishii kwenye ulimi. Nimeanza kuilipa ada hiyo kidogo kidogo. Si mimi niliyeila, lakini ni mimi niliyehubiri subira ili asiidai.

Tunamuomba Allah (s.w.) azifanye kauli zetu zilingane na matendo yetu, kwani katika Surat as-Saff ametuonya juu ya kusema tusiyoyatenda. Atujaalie tuwe miongoni mwa wanaochunga amana zao na ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.